Shati la Kuazima

4 Mei

Mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka huku. Mimi mzima, ila mgongo unanikumbusha kila asubuhi kwamba meza ya pasi si kitanda. Umeme unakatika unavyotaka, kwa hiyo nimerudi kwenye pasi ya mkaa na nguo za watu zinanuka moshi. Habari za kwako? Habari za dukani, bado wanakuja wale mafundi wa kununua misumari mitatu na kukaa saa nzima?

Salamu zimeisha. Sasa nisikilize.

Najua unapiga simu. Sipokei kwa makusudi. Kwenye simu nikipandisha sauti unaanza kulia, ukilia nakubembeleza, na mwisho wa yote mwenye msiba unakuwa wewe. Barua huwezi kuililia ikanyamaza. Utaisoma yote.

Juzi alikuja askari na pikipiki akaniletea kadi ya mwaliko, maandishi ya dhahabu, nzuri kama ya harusi. Mwaka unatimia tangu mwanangu auawe kwenye nchi ya watu walikotumwa kulinda amani, na kikosi kinazindua jiwe la kumbukumbu hapo kambini kwenu. Mkuu wa kikosi atafunua kitambaa. Mama wa marehemu, ndiyo mimi, atakabidhiwa bendera. Halafu shujaa aliyenusurika atatoa ushuhuda. Shujaa aliyenusurika ni Kinanda wako.

Mwanao tulimpa jina la Kinanda kwa sababu alianza kuongea kabla hajaota meno, na tulicheka. Sasa sicheki. Mteja wangu mmoja, mwalimu, alikuja kuchukua mashuka akanionyesha kwenye simu yake Kinanda anahutubia wanafunzi. Mara ya kwanza nilipomsikia, redioni, alisema bomu lilipolipuka ndugu yake alikufa papo hapo. Mara ya pili, kwenye chakula cha jioni cha benki, ndugu yake aliishi kidogo akasema, "Walinde wenzangu." Safari hii amemfia mikononi, na kabla ya kukata roho amesema, "Mwambieni mama nimekufa kwa ajili ya amani."

Mwanangu Babu huyo? Mtoto tuliyemwita Babu tangu yuko mgongoni kwa jinsi alivyokunja uso na kunyamaza? Ukimwuliza Babu amekula nini, alikuwa anakujibu, "Chakula." Leo anakufa kwa hotuba!

Kinanda anatia chumvi kwenye kifo cha mwanangu, na kila maikrofoni inaongezewa kijiko. Watoto wa shule wamesimuliwa. Wake za wakubwa wamesimuliwa wakajifuta machozi kwa leso. Kwangu hajakanyaga.

Na hao wakubwa wake walinirudishia nguo za Babu zimefuliwa. Nani aliwatuma? Nimefua jasho la watu nisiowajua tangu sijaolewa. Jasho moja tu ndilo nililotaka kulikuta kwenye nguo, na wao wakalisuuza, tena kwa sabuni mbaya.

Na wewe nawe. Unajua nina nini na wewe, lakini acha nikiandike ili usije ukasema hukuambiwa. Siku ile walipokuja kwako asubuhi kukwambia kwamba Kinanda ameuawa, nilipanda basi la kwanza nikaja, nikakulaza mapajani kama nilivyokuwa nakulaza tukiwa wadogo. Jioni wakarudi wale wale, kofia mkononi. Wakasema samahani, kumetokea makosa, maiti ilikutwa imevaa shati lenye jina la mwenzake. Wakalitaja jina la Babu. Nawe ukaruka kutoka mapajani mwangu ukapiga ukelele: "Asante Mungu! Asante Mungu!"

Mimi nilikuwa bado nimekaa pale chini.

Ninachotaka ni kimoja. Kinanda aje hapa, akae mbele yangu, anieleze mwanangu alikufaje. Bila maikrofoni. Asipokuja, hiyo bendera waipe mlingoti.

Dada yako

11 Mei

Dada,

Shikamoo. Naamkia hata kama huitikii. Mimi sijambo, presha inapanda na kushuka, tajiri wangu wa dukani anasema nikae na stuli karibu na kaunta nisije nikaanguka juu ya makopo ya rangi. Natumai mgongo umepata nafuu. Ile dawa ya kuchua niliyokutumia umeitumia, au uliirudisha kwenye basi kama ulivyorudisha ule unga?

Barua yako nimeisoma yote, kama ulivyoamuru. Nililia, na sikukupigia.

Dada, unadhani Kinanda anapenda? Yale maneno hayatungi yeye. Anaandikiwa ofisini, anapewa karatasi, anaambiwa akariri. Wakimwambia alie hapa, analia hapo. Ni askari. Askari akiambiwa simama anasimama, akiambiwa sema anasema. Wewe unamwona kwenye simu ya mwalimu amenyooka na nishani kifuani. Mimi namwona akirudi Jumamosi, anakaa kwenye kiti cha jikoni, namwekea sahani, anaitazama mpaka chakula kinapoa. Nikimwuliza kulikoni, anasema, "Mama, nimechoka." Kinanda huyo, ambaye hatukujua namna ya kumzima! Siku hizi nyumba yangu ina kimya mpaka nasikia friji la jirani.

Kuhusu ukelele. Ndiyo, nilipiga. Unataka nikane? Nilikuwa nimeshamzika mwanangu kichwani tangu asubuhi, nimeshamvalisha sanda, nimeshafunga na kaburi. Mtu akasema yuko hai. Hicho kilichotoka mdomoni sikukituma mimi. Na uliposimama ukaenda kuchukua viatu vyako mlangoni, ndipo nikasikia ni jina la nani limetajwa. Mwaka mzima nakuomba unisamehe, mwaka mzima unarudisha unga. Sasa na mimi nimeudhika. Nimechoka kuwa mbaya wako kwa sababu mtoto wangu anapumua.

Lingine, na usinirukie. Watu wa kambini waliniuliza kama utakuja. Nikasema sijui. Wakasema hakuna neno, mama mkubwa asipokuja, nipokee bendera mimi, nami ni mama yake vilevile, na kwenye picha haitaonekana tofauti. Sijawajibu.

Njoo, Dada. Nguo ya kuvaa nitakushonesha.

Mdogo wako

15 Mei

Mdogo wangu,

Hujambo.

Haitaonekana tofauti kwenye picha. Wamekwambia hivyo ukiwa umekaa kwenye kochi lako ukawapa chai, sivyo?

Bendera ya Babu usiiguse. Ukiigusa, nitakuja hapo mbele ya wageni waalikwa nikunyang'anye kama nilivyokuwa nakunyang'anya mkate, na hao wapiga picha wapate cha kupiga.

Nguo ninazo. Mimi ni dobi, sikosi nguo.

Kinanda yuko wapi?

Dada yako

2 Juni

Mdogo wangu,

Salamu. Ni mzima, ila tangu Jumapili sijala vizuri. Natumai presha imetulia, na kama haijatulia, kaa chini kwanza, tena si kwenye stuli.

Kinanda alikuja.

Sijui kama wewe ndiye uliyemtuma au alijituma. Alisimama mlangoni bila sare, na mfuko wa machungwa, akasema "Shikamoo mama mkubwa" kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Nikaona akikaa hivi hivi mikono mitupu hatasema kitu, nikampa pasi na rundo la mashati ya karani mmoja. Nikamwambia anyooshe. Akanyoosha shati la kwanza kimya, la pili kimya. La tatu akaanza kuongea akiwa ameinamia mkono wa shati, hakunitazama hata mara moja.

Unajua kwa nini Babu alikuwa amevaa shati la Kinanda? Kwa sababu ya uvivu! Alikuwa ameloweka mashati yake yote kwenye ndoo tangu wiki iliyotangulia, maji yamechacha, yananuka mpaka hema la jirani. Mtoto wa dobi! Asubuhi kukawa na ukaguzi, hana cha kuvaa, akaazima la ndugu yake, na Kinanda akabaki hemani kwa kisingizio cha tumbo. Mdogo wangu, nilicheka. Nilicheka nikashika meza. Ndiyo kitu cha kwanza cha kweli nilichosikia kuhusu mwanangu tangu afe.

Halafu Kinanda akaendelea, na kicheko kikaniishia.

Sajini wao alipita mstarini kuchagua watu wa kutumwa, na huwa anawaita kwa majina yaliyoshonwa kifuani. Alipofika kwa Babu akasoma jina la Kinanda, akasema, "Wewe, panda lori." Babu angesema shati si lake, angeadhibiwa yeye na mwenye shati. Akanyamaza, kama kawaida yake. Akapanda. Ndiyo maana lilikuja kwako lile jina.

Kwenye lori alikuwa na dereva, mtu mzima, baba wa watoto. Dereva alisema barabara ile haijapitiwa na watu wa kutegua mabomu, wasubiri mpaka kesho. Alisema mara mbili, Kinanda alimsikia kutoka hemani. Mkuu wa kikosi akatoka chumbani kwake anajipepea kwa daftari akasema, "Nimelala na joto wiki nzima. Leo silali nalo tena."

Walitumwa uwanja wa ndege kuchukua kiyoyozi chake.

Umesoma vizuri? Kiyoyozi. Hawakupeleka dawa wala maji. Hakukuwa na mtu wa kuokoa. Mwanangu na yule dereva walilipuliwa njiani wakienda kuchukua ubaridi wa bwana mkubwa. Na kiyoyozi kikaletwa baadaye kwa lori jingine, kikafungwa ukutani, kikawashwa.

Nikamwuliza Kinanda, wewe ulinusurika vipi kwenye lori ambalo hukupanda? Akasema, "Kwenye karatasi zao nilipanda, mama mkubwa. Jina langu ndilo lililoitwa. Wangesahihisha orodha ya lori, wangeulizwa lilikuwa linakwenda wapi. Wakaona afadhali niwe nimenusurika." Wakampa nishani na karatasi ya kukariri. Akaweka pasi chini, akajifunika uso kwa shati la karani wa watu.

Sikumbembeleza. Nilitaka, lakini mikono ilikataa.

Sasa sikia. Nitakuja kwenye sherehe yao. Nitavaa vizuri, nitakaa mstari wa mbele. Watakaponipa bendera nitaomba maikrofoni nimwulize mkuu wa kikosi swali moja, kwa adabu zote: "Mheshimiwa, chumba chako siku hizi kina ubaridi wa kukutosha?"

Dada yako

6 Juni

Dada,

Shikamoo. Sijui kama u mzima, mimi si mzima.

Nakusihi usifanye hivyo. Usifanye, usifanye. Ungekuwa hapa ningekushika miguu.

Hukufikiria? Walikuwa wangapi wanaojua lile lori lilikwenda kuchukua nini? Waliokuwemo wamekufa. Sajini amehamishwa mbali, hajulikani alipo. Aliyebaki, na ambaye ndugu zake mko mstari wa mbele, ni mmoja. Ukimuuliza mkuu lile swali, kabla hujarudi kwenye kiti chako watakuwa wameshajua limetoka mdomoni mwa nani. Alikula kiapo, Dada. Kutoa siri ya kikosi ni mahakama ya jeshi, na mahakama yao haina majirani wa kuja kusikiliza. Atafungwa mpaka mimi nizeeke.

Alikuja kwako kwa sababu ulimwita kwa hasira. Alikufungulia roho kwa sababu wewe ni mama mkubwa wake. Nawe unataka kuchukua alichokupa ukamvue nacho nguo mbele ya watu.

Nitasema neno, na ukitaka kunichukia nichukie. Babu hata ukiuliza maswali mia hatarudi kula chakula chako. Wangu bado anakuja Jumamosi. Hata kama haongei. Hata kama anatazama sahani tu. Yupo. Niachie.

Hasira yako ni ya haki, sikatai. Lakini si wewe utakayeilipia, ni mwanangu.

Mdogo wako

10 Juni

Mdogo wangu,

Salamu zako zimefika.

Ile sentensi yako kuhusu chakula changu niliisoma nimesimama, nikakaa. Ungekuwa karibu ningekuzaba kofi, halafu ningekushikilia usianguke, halafu ningekuzaba jingine. Nimepita nayo kwenye kila shati nililonyoosha wiki hii. Mteja mmoja ameniuliza kwa nini ninaibana pasi namna ile, nikamwambia ashukuru siyo yeye aliye mezani.

Unasema hasira yangu ni ya haki, kisha unaniomba niikunje niiweke kabatini. Kila mtu ananiomba hivyo. Yule askari wa pikipiki alinambia nijikaze. Kasisi alinambia nijikaze, mwenye nyumba naye akaja na ya kwake, jikaze kisabuni mama. Nimejikaza mpaka nimekauka. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumwendea mkuu wa kikosi akamwambia, na wewe, legea kidogo, sema ulichofanya.

Lakini nimekaa nikawaza, na nitakwambia kitu ambacho sipendi kukisema. Siku ile, kama wangesema wa kwangu ndiye aliye hai, ningepiga ukelele ule ule. Ningepiga mpaka majirani watoke. Hilo ndilo linalonichoma, kwamba siwezi hata kukuchukia vizuri.

Kwa hiyo umeshinda. Nitakuja. Nitapokea bendera kwa mikono miwili. Mkono wa yule mtu nitaushika, nitasema asante, nitarudi kwenye kiti changu nikiwa nimefunga mdomo. Swali langu nitalimeza. Usinishukuru. Ukinishukuru nitabadilisha nia.

Sharti langu ni moja. Kinanda asiseme lile la kufiwa mikononi. Siku hiyo mimi nikiwa nimekaa pale, sitalivumilia. Aumwe tumbo, anajua kuumwa tumbo. Aseme sauti imemkauka. Asome majina ashuke. Mwambie.

Dada yako

19 Juni

Dada,

Sikuamkii.

Umefurahi sasa?

Nilikuona. Kabla hawajaanza, watu wakiwa kwenye foleni ya chai, ulimfuata Kinanda ukamshika kola, ukamsogeza karibu, ukamwambia kitu sikioni. Mimi niko upande wa pili na kikombe mkononi, nasema moyoni, Mungu wangu, Dada anampa baraka, wamepatana. Mjinga mimi! Ulimwambia nini? Ulimtia nini kichwani? Nilikuwa nimeshamwambia aumwe tumbo. Alikubali. Asubuhi nilipomfungia vifungo alikubali!

Akapanda pale juu, akatoa ile karatasi, akaitazama, akairudisha mfukoni. "Mimi sikuwemo kwenye lile lori." Ndivyo alivyoanza. Nikadhani nimesikia vibaya. Akaendelea taratibu, kama anamweleza mtu njia: shati, ndoo, sajini, dereva alivyokataa. Alipofika kwenye kiyoyozi wakazima maikrofoni. Akapaza sauti. Wakaiamuru bendi ipige, na bendi ikapiga, na mwanangu akawa anapiga kelele juu ya matarumbeta mpaka mishipa imemtoka shingoni. Nawe ukasimama. Watu wote wazima mstari wa mbele wameinamisha vichwa, mkuu wa kikosi anatazama viatu vyake, na dada yangu amesimama wima na bendera kifuani mpaka wakamshusha mwanangu kwa kumshika mikono.

Wamemchukua, Dada. Nilikwenda mpaka getini wakaniambia nirudi nyumbani, nitaitwa. Sijaitwa. Tajiri wa dukani amesema nipumzike kwanza mpaka mambo yatulie, maana wateja wake wengi ni watu wa kambini. Niko kitandani na nguo zile zile za sherehe.

Ulikuwa huna mtoto, sasa na mimi sina. Tumelingana. Ndicho ulichokuwa unakitafuta mwaka mzima.

Usiniandikie. Usije. Sina dada.

27 Juni

Mdogo wangu,

Salamu. Naipitisha hii chini ya mlango wako kwa sababu hufungui. Nimebisha kila siku tangu wamchukue, majirani zako sasa wananijua kwa jina. Najua umo ndani na najua unakunywa maji, nimesikia bomba.

Sikurudi kwangu; barua yako jirani yangu ameniletea kwa basi. Nimepanga kichumba nyuma ya kinyozi, karibu na kambi, kina kitanda na msumari wa kutundikia nguo. Wateja wangu watavaa mikunjo.

Umeniuliza nilimwambia nini. Kola yake ilikuwa imekaa upande, nikaiweka sawa. Nikamwambia, "Funga mdomo, mwanangu. Ule, unywe chai, urudi nyumbani kwa mama yako. Mimi nimeridhika." Nilikuwa namdanganya, sikuridhika hata kidogo, lakini ndivyo nilivyosema kwa sababu nilikuahidi. Akanijibu, "Mama mkubwa, mimi sijaridhika." Basi. Ukitaka kumkasirikia aliyemtia maneno kichwani, hayupo. Ameyatoa mwenyewe. Mwaka mzima alikuwa anayatazama kwenye sahani zako.

Na kwa nini nilisimama? Kwa sababu alikuwa peke yake.

Sasa nakwambia yaliyopo. Kila asubuhi nakwenda getini. Siku za kwanza walinifukuza kama kuku. Nikahamia upande wa pili wa barabara na kigoda cha kinyozi. Jumatatu akaja mwanamke mmoja amebeba mtoto mgongoni, akasimama karibu nami bila kusema kitu. Nikamsogezea kigoda. Ni mke wa yule dereva. Yeye waliwahi kumwambia mumewe alikuwa anaendesha kwa kasi, ajali ni kosa lake, na haki zake wakamnyima kwa neno hilo. Hakualikwa hata kwenye jiwe. Amesikia kutoka kwa watu kwamba kuna askari amesema dereva alikataa, alikataa mara mbili. Alitaka kujua kama ni kweli. Nikamwambia ni kweli. Alilia, kisha akaanza kutukana, na mdogo wangu, huyu mama anajua kutukana, mlinzi mmoja aliingia ndani ya kibanda chake akafunga dirisha. Hajakosa siku tangu hapo.

Jana wakachoka na sisi. Ofisa mmoja akaja getini akauliza, wewe mama unataka nini. Nikasema nataka kumwona mwanangu. Akauliza, wewe ni nani wake? Nikasema mama yake. Akaniingiza.

Nimemwona kwa muda mfupi, kukiwa na meza katikati. Amekonda, lakini hawajampiga, nilimwambia akunje mikono ya shati nikamkagua. Atapelekwa mahakamani kwao mwezi ujao. Kuna wakili, mteja wangu wa zamani wa makoti, amekubali kuja kumsikiliza. Na Kinanda anaongea! Aliongea muda wote, nilishindwa kupenyeza neno. Amenisimulia mambo ya Babu ambayo nimekuja nayo kifuani mpaka hapa, na sitayaandika, nitakusimulia ukifungua.

Kabla sijatoka aliniuliza kama umekasirika. Nikamwambia ndiyo, umekasirika sana, na mimi nimekasirika, na hatujamaliza. Akasema, "Basi njooni wote."

Mdogo wangu, hiyo hasira yako usiimalizie kwangu. Mimi naijua, nimeilea na ya kwangu pamoja, ni kubwa mno kwa mlango mmoja wa mbao. Ilete kule iliko na kazi. Oga, vua hizo nguo za sherehe, nipe nikufulie. Niko hapa kwenye ngazi mpaka saa tatu, kisha naenda getini.

Ukija nyuma yangu watakuuliza na wewe, wewe ni nani wake. Sema mama yake. Watakwambia mama yake ameshafika. Wewe sema hivyo hivyo, usiondoke.

Dada yako